Vikombe vya Kuazima

Zimeni hiyo redio, wanangu, mfunge mlango, mkae chini, hata wewe mwanangu wa kwanza mwenye suruali iliyonyooshwa, kaa hapa sakafuni uwe sawa na mimi, kwa sababu leo nasema mara moja tu na pumzi iliyobaki si ya kurudia maneno. Mmeingia mmenikuta mkekani na kitanda kizuri kitupu pembeni, mkaanza kumfokea binti anayeniuguza, eti kwa nini amemlaza mgonjwa chini. Niliyemwamuru ni mimi. Alikataa, akalia, ndipo akanishusha. Sasa nimemruhusu aende kwao mara moja, maana haya hapaswi kuyasikia kwangu. Sababu ya mkeka mtaijua, ila msinikatize, wala mtu asiniambie "pumzika kwanza, Mama", kwani pumziko langu liko karibu na halihitaji kusaidiwa.

Tuanze na mali, maana najua ndiyo inayowakausha koo. Nyumba hii tuliijenga mimi na marehemu baba yenu kwa mishahara ya kufua mashuka ya hospitali, yeye akiendesha mashine, mimi nikipiga pasi, na hakuna tofali hapa lisilojua jasho letu. Vyumba viwili vya nyuma gawaneni, wewe kimoja na dada yako kimoja. Cherehani ni ya dada yako. Saa ya ukutani ya baba yenu ni yako, hata kama haijawahi kusema ukweli tangu ainunue. Chumba cha mbele kiacheni kwanza, nitakirudia. Madeni ya fedha sina kwa mtu yeyote. Ninalo moja tu, na si la fedha, na si mimi niliyelikopa, ila limeandikwa kwa jina langu.

Mnakumbuka baba yenu alipotutoka na kazi yangu ikaisha mwaka uleule, nyumba ikanikaba. Ndipo nikavuka mtaro, nikaingia kule kwenye mabanda, kwenye shule ya sekondari ya wasichana isiyotoza ada, nikamwambia mwalimu mkuu kwamba najua kufua na kupiga pasi na sitaki malipo. Alicheka, akasema wasichana wake wanafua wenyewe, anachokosa ni mtu mwenye miguu na asiye na haya ya kuuliza. Nafasi zilikuwa chache na waliozitaka walifurika mpaka nje ya lango, kwa hiyo sheria yao ilikuwa hii: hakuna msichana anayeingia mpaka mtu aende kwao, akae, aone kwa macho yake kwamba kweli nyumba ile haiwezi kulipia shule. Mtu huyo nikawa mimi. Nikawa napita chini ya kamba za nguo zinazodondosha maji, naruka mitaro, nakaa kitandani kwa watu kwa sababu kiti hakuna, huku mto ninaouegemea umejazwa madaftari ya mtoto. Wasichana wakaniita Bibi Mkaguzi, wakidhani sisikii. Nilisikia, na nililipenda jina hilo kuliko mshahara wowote niliowahi kupokea.

Walikuwepo waongo, tena wengi, kwa sababu shule ile ya bure ilianza kuzishinda shule za kulipia, na waliofaulu vizuri walipata wafadhili wa kuwasomesha juu. Watu wenye uwezo wakaanza kujikondesha. Mmoja alihamishia televisheni kwa jirani akasahau kufuta alama yake kwenye vumbi. Mwingine, baba mzima, alijifunga bandeji mguu kuanzia kidoleni mpaka gotini, na alipoinuka kunisindikiza akachechemea kwa mguu mwingine. Mlikuwa mnacheka sana nikiwasimulia hayo mezani, na mimi nilipenda kuwachekesha.

Mezani hapo ndipo nilipowapa siri yangu. Sikuwahi kumwambia hata mwalimu mkuu. Niliwaambia ninyi wawili, kwamba waongo huficha godoro, huficha redio, lakini hawakumbuki kuficha vikombe. Nyumba yenye dhiki ya kweli, niliwaambia, ina kikombe kimoja. Mgeni anakunywa, wenyewe wanangoja, akimaliza kinasuuzwa kinakwenda kwa mwingine. Mimi natazama kikombe tu, mengine nauliza kwa ajili ya kupoteza wakati. Wewe mwanangu ukaniuliza, "Kwa hiyo Mama, ukikuta viwili?" Nikakujibu, "Nikikuta viwili nazidi kuchunguza." Ukatikisa kichwa, ukaendelea kula. Nani angemfungia mdomo mwanawe mezani kwake?

Mwaka ule niliowapa siri hiyo ilibaki nafasi moja na wasichana wawili. Wa kwanza nilimkuta pembezoni mwa mabanda na mwanamke aliyejitambulisha kuwa mama yake, mjane. Chumba kilikuwa na mkeka mmoja uliochanika, sufuria yenye masizi ya zamani, na mtoto amevaa gauni lililopauka, hainui macho. Chai ikaletwa ndani ya kikombe kimoja cha bati kilichobanduka rangi. Nilipomaliza, yule mwanamke akakisuuza, akammiminia mtoto. Nilitoka pale nikifuta macho kwa ncha ya khanga. Wa pili alikuwa binti wa muuza mkaa, yule mama anayekaa nyuma ya kisima na kikohozi chake. Huko nilikuta sinia, na juu yake vikombe vimepangwa, vyeupe, vya maua, vya kijani, vingine na visahani vyake. Tulikunywa wote kwa pamoja, tukazungumza vizuri. Nikarudi nikamwambia mwalimu mkuu kwamba kwa muuza mkaa wanajikokota, mwaka mmoja wanaweza kungoja, lakini kwa yule mjane mtoto akikosa sasa amekwisha. Akaniamini, kama alivyoniamini siku zote.

Shule ile ina desturi yake. Msichana akimaliza kidato cha nne haondoki; anabaki mwaka mzima kuwafundisha wadogo zake bila malipo, kurudisha alichopewa, ndipo aende anakokwenda. Yule wa kikombe kimoja amemaliza, amefaulu sana, na sasa anafundisha hesabu kidato cha kwanza. Mwezi uliopita alikuja kunijulia hali. Nilidhani amekuja kumuaga mgonjwa kama wengine. Akapiga magoti pale ulipokaa wewe, akalia mpaka akapaliwa, akasema, "Bibi, yule hakuwa mama yangu, alikuwa mpishi wetu. Baba yangu ni bosi wa mwanao. Mwanao ndiye aliyetutafutia kile chumba, akaleta sufuria, akatuambia kikombe kiwe kimoja na kisuuzwe mbele yako." Miaka yote ile, wanangu, mtoto yule alikuwa akitoka shuleni anapita kwenye chumba cha uongo, anabadili nguo, anakwenda kupokelewa na gari barabara kuu. Akaniambia, "Siwezi kusimama mbele ya wale watoto na kiti nilichokalia kilikuwa cha mwenzangu."

Usiinamishe kichwa. Nitazame. Na wewe binti yangu, unayejifanya unakunja khanga, lile gauni lililopauka lilikuwa lako la zamani. Nililiona siku ile nikajiambia magauni yanafanana. Ulijua, ukalitoa sandukuni, ukafunga mdomo, na jioni ukanipikia na kuniuliza leo umeona nini, Mama.

Halafu ndipo wewe, baba, ukapandishwa cheo na bosi wako huyo, ukawa msimamizi wa ghala zima. Ukaja hapa na pikapu, unapiga honi, majirani wakatoka, ukashusha kitanda hiki na godoro lake, ukasema, "Mama yangu amelala chini vya kutosha." Nilikuombea dua mpaka sauti ikakauka. Nimelala juu ya nafasi ya mtoto wa watu nikikuombea dua! Ndiyo sababu nimeshuka mkekani, na msinirudishe huko, wala nikiwa hai wala nikiwa maiti.

Msiseme Mama amekasirika. Hasira ningeimeza. Nimesalitiwa, na aliyenisaliti alitoka tumboni mwangu, akala mezani kwangu, akachukua macho yangu niliyowatolea wale watoto bure, akayafanyia biashara. Watu wa kule walinifungulia milango yao kwa sababu walijua Bibi Mkaguzi hanunuliki. Kumbe nilikuwa nimeshauzwa, na sikujua.

Bado hamjauliza yule aliyekosa nafasi alikwenda wapi. Mama yake alizidiwa na kikohozi, binti akaanza kufulia watu ili wale, na mwaka wa kungoja ukawa miaka. Kisha ninyi wenyewe mkatafuta mtu wa kuniuguza, wa bei nafuu, mkamleta. Ndiyo. Ni yeye. Huyo mliyemfokea sasa hivi mlangoni. Ndiye anayenigeuza, ananiosha, ananilisha kwa kijiko. Mimi na macho yangu haya hafifu sikumtambua, na yeye kwa adabu yake hakunikumbusha. Siku ya pili baada ya yule mwingine kuungama, nikamwuliza ni binti wa nani, akanitajia mama yake, ndipo nikamwuliza kwa upole juu ya vile vikombe vya kwao. Akatabasamu. Akasema, "Vile vya siku ile, Bibi? Chetu kilikuwa kimoja, kile cha kijani. Vingine Mama aliazima kwa majirani, mlango kwa mlango. Alisema mgeni hawezi kunywa peke yake huku sisi tunamtazama, ataona haya."

Aliazima vikombe ili mimi nisione haya. Nipeni... nipeni kitambaa hicho. Basi. Niacheni.

Haya. Shikeni maagizo, maana sauti inaniacha. Kitanda na godoro lake vipelekeni shuleni, kwenye kile chumba wanacholala wasichana wakiugua. Mbebe wenyewe, msitafute wachukuzi. Yule binti wa bosi wako asiguswe, asitukanwe. Mwalimu mkuu anajua, mimi nimemsamehe, na ameachwa aendelee kufundisha. Bosi wako akikufukuza kazi kwa sababu ya haya, utakuwa umefukuzwa kwenye kazi ambayo hukuipata kwa haki. Kuhusu chumba cha mbele, hicho ni cha binti wa muuza mkaa. Nimezungumza na mwalimu mkuu, mwaka ukianza anaingia kidato cha kwanza, awe mrefu kuliko wenzake asiwe, na atakaa hapo na mama yake mpaka amalize shule. Asidaiwe kodi. Asiitwe mtumishi. Taa yake ikiwaka usiku, msimwambie azime.

Naona mnangoja radhi. Mmekaa mkao wa kupokea radhi. Wanangu, hapa kwangu sina. Jana nilimwita muuza mkaa, akaja na kikohozi chake, akakaa hapo. Nilimtamkia maneno yote ya radhi ambayo mama huwaachia watoto wake, neno kwa neno, kwa kila mmoja wenu, nikamwomba anitunzie. Aliniuliza kwa nini nisiwape mwenyewe. Nikamwambia, watakuja kwako, watakueleza. Sikumwambia zaidi, wala binti yake hajui. Hilo nimewaachia ninyi. Mwelezeni chumba, sufuria, gauni, kikombe, yote, bila kupunguza, bila kusema ni shetani. Akiwasikiliza mpaka mwisho, na moyo wake ukiridhia, atawapa, na ikitoka kwake imetoka kwangu. Asiporidhia... asiporidhia ni haki yake, nanyi msimnung'unikie.

Nawapenda. Hilo halikuuzwa. Ningekuwa siwapendi ningekufa kimya, mkazika, mkagawana.

Ninyanyueni kidogo. Hivyo. Hapo... pumzi... Mungu awape kinywa cha kusema kweli, na awape... nimesahau nililotaka. Awape hilo tu.

Mnasikia? Kuna mtu anapiga hodi. Ni yeye, binti anayeniuguza, amerudi na mama yake. Nilimwambia aje naye. Bado wako nje... mama anakohoa.

Binti yangu, kaweke maji jikoni. Vikombe viko kabatini, vile vya harusi yangu. Vitoe vyote.

Na wewe, baba... inuka. Kafungue mlango.