Mikono Mitatu kwa Mgongo Mmoja

Wapendwa wa jumuiya, amani iwe nanyi. Mwenyekiti ameniletea kiti na ninamshukuru, lakini leo naomba niseme nikiwa nimesimama. Sababu mtaijua mbele.

Nyie mnanijua kuwa ni mtu wa kupita. Shule niliacha darasa la tano. Tangu hapo nimevua dagaa, nimechunga ng'ombe za watu, nimefyatua tofali Kibaoni. Nikisikia kuna kitu sikijui, nafunga mfuko naenda kukiona. Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi nilikuwa mpakiaji hapa stesheni, tunapandisha mahindi kwenye mabehewa. Siku moja gunia lilinishukia vibaya, nikasikia kitu kimeachia kiunoni. Nikamaliza behewa hivyohivyo.

Kesho yake nilienda Nsemulwa kwa mama mmoja mkandaji. Alinikanda taratibu kwa maji ya moto na mawese, akasema nirudi keshokutwa. Nikamuuliza, mara ngapi mpaka nipone?

"Mpaka mgongo wenyewe useme, baba."

Jibu hilo halikunitosha. Sisi wapakiaji tuna hesabu yetu: behewa likishikwa na watu wanne linaisha jioni, wakiwa wanane linaisha kabla ya chakula. Nikaona mgongo nao ni behewa. Nikatafuta wakandaji wengine wawili, nikawa nakandwa asubuhi, mchana na jioni, kila mmoja hajui habari za mwenzake. Huyu wa jioni alikuwa ananipanda kwa miguu. Chekeni tu, hata mimi ningecheka.

Siku ya nne sikuinuka.

Ndugu zangu, nawaambia, maumivu nimeyasahau, lakini aibu ipo mpaka leo. Mwenye nyumba wangu, mzee Msukuma mwenye ng'ombe wake, ndiye aliyekuwa ananibeba kwenda chooni. Ananishika kwapani, anageuza uso pembeni, ananisubiri. Mimi mtu mzima mwenye ndevu. Nililala kwenye mkeka nikasikiliza treni ikiondoka kwenda Kaliua, tena ikarudi, tena ikaondoka. Nilizoea kuondoka mimi. Sasa hata kugeuka ubavu nilikuwa naomba.

Nikamwambia mzee aniache tu nife. Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, kufa kwenyewe utanihitaji nikubebe. Bora tukajaribu hospitali." Akanipakia kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe, juu ya mabua. Kila shimo la barabara nililihesabu.

Daktari alinipima, akauliza kama miguu imekufa ganzi na kama mkojo unatoka sawa. Akaona mifupa ni mizima, akanipeleka kwa baba mmoja wa mazoezi ya viungo.

"Wamekukanda wangapi?"

"Watatu."

"Kwa kupokezana?"

"Hapana. Siku hiyohiyo."

Alivua miwani akanitazama. "Wewe umepigwa, hujakandwa. Nyama ikishakandwa inataka siku ya kupumzika, ndipo inapona. Wewe hukuipa hata saa."

Nikarudia swali langu la mara ngapi. Huyu, ambaye sasa ndiye angenikanda, akanijibu. Alisema mgongo kama wangu mara nyingi unaanza kulegea mara ya tatu au ya nne, zikiachana siku mbili tatu, na wengi wanafika sita au nane. "Ila siyo ahadi. Ukifika ya sita hakuna kilichobadilika, siendelei kukupaka mafuta, nakurudisha kwa daktari. Na mazoezi utafanya mwenyewe nyumbani, siyo mimi."

Mara ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, nilirudi nimeumia zaidi, nikaanza kuulizia mganga mmoja wa Inyonga. Mzee akasikia. Akasema mkokoteni wake unajua njia moja tu, ya hospitali. Ya tatu, nikalala usingizi mpaka asubuhi. Ya nne, nikageuka ubavu bila kuomba mtu.

Siku mbili baada ya mara ya tano, nilikwenda chooni nikishika ukuta. Nikachuchumaa. Nje nikasikia fimbo ya mzee.

"Nije?"

"Hapana, baba. Kaa."

Akakaa. Nilipotoka nilimkuta bado amegeuza uso pembeni, kwa mazoea.

Nilikandwa mara saba. Magunia sibebi tena, na mvua ikikaribia kiuno kinanijulisha mapema. Sikupona kama mtoto.

Nawashukuru yule baba wa mazoezi, na mama wa Nsemulwa, ambaye nilirudi kumwomba radhi, kwa sababu alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Mzee wangu amekaa pale nyuma, hataki nimtaje. Ninachowaachia ni hiki: ukipata mkono mmoja mzuri, upe siku zake. Usipoona nafuu, rudi kapimwe, usikimbilie mkono mwingine. Mimi maishani sijawahi kumaliza kitu. Nilimaliza hizo saba.

Mwenyekiti, sasa nipe kile kiti. Nataka mnione ninavyokaa mwenyewe.