Vifungo vya Mgongoni

Mbele yangu kwenye basi la asubuhi alikaa fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Jirani yake, mlinzi aliyetoka zamu, alikuwa akimlalamikia jinamizi linalomkaba kila alalapo mchana. "Macho yanaona, dada, lakini hata kidole hakiinuki."

"Usilale chali, kaka. Mimi nilijishonea vifungo vikubwa vya koti mgongoni mwa gauni la kulalia. Nikilala chali vinaniumiza, nageukia ubavu."

Mlinzi akacheka. "Basi umepona!" Nami, ambaye sikuulizwa, niliiona dawa safi kuliko nyingi za kununua.

"Nilipona. Halafu siku moja mchana nikajilaza kidogo, gauni sikuvaa, nikasema huu si usiku. Mama alikuwa anaumwa chumba cha pili. Likanikaba. Nikamsikia ananiita, 'Mwanangu, maji.' Nasikia kila neno, siwezi kuinuka." Aliikunja futi, akaikunjua. "Nilipoinuka, alikuwa ameshakata roho."

"Pole sana, dada. Kazi ya Mungu haina makosa," mlinzi akasema, kama tusemavyo sote tukikosa la kusema.

"Jana nimevifumua vile vifungo."

"Mbona? Si litarudi?"

"Nalitaka lirudi. Likinikaba, namsikia tena akiniita."

Konda akagonga bati, basi likasimama, fundi akashuka. Mlinzi alikuwa ameomba kushushwa hapo hapo, lakini hakuinuka.