Kiti cha Kliniki Mpeni Yule wa Ng'ambo

Sogezeni viti, wanangu, mje karibu, na wewe mama yao kaa hapa ubavuni pangu nikuone, na wewe dada yangu uliyekuja na maneno tele kifuani, yaweke kando kwanza, maana leo ninalo la kusema na pumzi niliyo nayo si ya kugombania na mtu. Zimeni hiyo redio. Plasta, acha kusimama mlangoni kama mgeni, hapa ni kwenu. Nawaita mchana kweupe, akili yangu ikiwa timamu, kwa sababu asubuhi hii nilikuwa nimefumba macho, mkadhani nimelala, kumbe namsikia Kitinda pale kwenye korido akikiambia chuo cha uuguzi kwa simu kwamba huenda Jumatatu asifike, kwamba baba yake yu mahututi, kwamba ikibidi nafasi yake apewe mwingine. Mahututi ni kweli. Lakini masikio yangu bado mazima.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu, na asitokee mtu wa kumhamisha hata kutoka chumba kimoja kwenda kingine, awe mtoto wangu, awe mkwe, awe nani. Chumba cha nyuma pale kliniki, pamoja na jiko la kuyeyushia nta, mashine ya kusugulia na rafu zote za plasta ambayo imekuganda kwenye nguo mpaka tukakupa jina, ni chako, mwanangu wa kwanza, na nakupa kwa moyo mkunjufu, kwa sababu meno ya bandia unayotengeneza wewe sijayaona kwa fundi mwingine. Kuna bibi mmoja wa mtaa wa nyuma aliniambia meno yako yanatafuna kuliko yale aliyozaliwa nayo. Nikamwambia, bibi, hakuna aliyezaliwa na meno. Akanicheka kwa hayo hayo meno yako.

Sasa limebaki lile zito, chumba cha mbele, chenye kiti cha wagonjwa na taa yake. Hapa hakuna asiyejua kwamba kiti kile nilimwekea Kitinda, aliyesomea meno kama mimi, akavaa koti jeupe kama mimi, akasimama kushoto kwangu hadi mkono wangu ulipoanza kutetemeka, kisha akahamia kulia na kushika kazi yote. Ndiyo maana aliposema anataka kuacha udaktari wa meno akasomee uuguzi, nyumba hii ilichafuka. Dada yangu, wewe ulisema, "Mtu anashuka ngazi, halafu anataka tumpigie makofi?" Plasta ukauliza utamtengenezea nani meno kama mbele hakuna wa kuyapima, na swali lako lilikuwa la haki, sikulaumu. Mimi nilitikisa kichwa kukataa.

Lakini kumbukeni tulivyomfanyia siku ile. Sisi watu wa meno tuna ugonjwa wetu: tunamjaza mtu pamba na vyuma mdomoni, halafu tunamuuliza habari za nyumbani, naye anasema "ng" na "mh", nasi tunajijibu wenyewe, tunacheka wenyewe, na tukimaliza tunasema tumezungumza naye vizuri sana. Ndivyo tulivyomkalisha Kitinda katikati yetu. Unaogopa damu? Shangazi yake akajibu anaogopa. Umechoka? Kaka yake akajibu amechoka, apewe likizo atapoa. Kuna mtu amekudanganya? Mama yake akasema hapana, huyu hadanganyiki. Binti amekaa pale, mdomo wake mtupu kabisa, na hakuna aliyengoja aufungue.

Mimi nilifumbuka macho nilipolazwa. Mnakumbuka ile wodi ndefu, kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha, na kitanda cha pili alilala mzee mmoja dereva wa malori ambaye hakuwa akijiweza wala hakuwa na mtu wa kumtazama. Kitinda alikuja kuniona akiwa na koti lake la kliniki. Yule mama mkuu wa wodi, mwanamke wa maneno makali, akamwona kwa mgongo tu na kumkaripia: "Wewe mwanafunzi, zamu imeanza zamani, shuka za kitanda hicho zimelowa, unangoja nani?" Nilifumbua kinywa niseme huyo si mwanafunzi wako, huyo ni daktari wa meno, mwenye kliniki yake. Kabla sijapata pumzi ya kusema, Kitinda amekwisha kunja mikono ya koti. Akamgeuza yule mzee ubavu, akavuta shuka chafu, akatandika safi pasipo kumnyanyua, akampaka mafuta mgongoni pale ngozi inapoanza kuchubuka, akamvua meno ya bandia akayaosha, akamlowesha midomo iliyokuwa imekauka. Na huku anaimba. Ndiyo, Plasta, usinitazame hivyo, dada yako alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, wimbo usio na kichwa wala miguu. Pale kliniki alikuwa akifanya kazi safi, hakuna mgonjwa aliyelalamika, lakini kuimba sikuwahi kumsikia. Machozi yalinitoka, nikawaambia wauguzi ni dawa.

Mama mkuu alipojulishwa ukweli aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Kitinda akamwambia, "Hapana, mama, niambie tu wapi kwingine shuka zimelowa."

Walipotuacha wawili nikamuuliza kwa nini, na safari hii nikajizuia, nikauma ulimi, nikangoja. Kisha akasema, "Baba, pale kliniki mtu anakuja, natibu jino, anaondoka. Najua jino lake, yeye mwenyewe simjui. Mimi nataka nijue kesho yake ameamkaje." Basi. Hakuna la damu, la uchovu wala la kudanganywa. Mnasikia? Hilo ndilo jibu lake, nimewaletea kama alivyolitoa, na kuanzia leo asitokee wa kumjibia.

Wewe nawe, Kitinda, usije ukadhani nakutuma harusini. Utakaa darasani na watoto wanaokuamkia shikamoo. Madaktari wachanga uliowazidi kusoma watakuamuru mbele ya watu, na ndugu wa wagonjwa watakuita kwa kukupigia vidole. Miguu itavimba. Kuna mtu utamuuguza usiku na mchana, umzoee kama wako, halafu uingie asubuhi ukute kitanda kimetandikwa, na hapo usijitie ugumu, tafuta pembe ulie, unawe uso, uende kwa mwingine. Na ujuzi wa meno usiutupe. Katika wodi nzima ile hakuna aliyekuwa akikumbuka vinywa vya wagonjwa. Wakumbushe, kwa adabu, usijifanye unajua kuliko wote, maana hiyo tabia unayo, umeichukua kwangu.

Kliniki isifungwe. Na hapa msinicheke. Kiti na chumba cha mbele mpangisheni yule daktari wa meno wa ng'ambo ya barabara. Naam, huyo huyo aliyewaambia watu kwamba jino nililoziba mimi linafanana na dirisha lililopachikwa kwa udongo! Sijamsamehe, na kwa hali hii sidhani kama nitawahi. Lakini nimewaona wagonjwa waliopita mikononi mwake, na mkono wake ni mwepesi, hilo nalisema na linaniuma kulisema. Plasta, yeye atapima, wewe utatengeneza, mtaheshimiana. Pango lake ndilo litakalomlipia Kitinda ada ya chuo, na kwa kweli nikifikiri kwamba mtu yule atamsomesha binti yangu kila mwezi, roho yangu inatulia kabisa.

Mama yao, nipe maji. Hapo. Inatosha.

Dada yangu, usinune. Watu wakikuuliza mtoto wa kaka yako anafanya nini, useme kwa sauti, ni muuguzi. Jizoeze humu ndani kwanza. Plasta, kunigeuza na kunifuta ni kazi yako sasa. Utaniumiza, najua, mkono wako umezoea plasta. Nitavumilia. Mwombe dada yako akufundishe leo, kabla jua halijazama.

Nizikeni pasipo makuu. Hotuba ziwe fupi.

Kitinda. Njoo hapa, mwanangu. Waambie chuoni unakwenda. Jumapili ondoka. Nikiwa bado nipo, niage ukiwa umesimama, kama mtu anayewahi kazini. Usiniinamie. Ukiniinamia... ukalia... nitakuambia ubaki. Nataka ubaki, mama. Nataka sana. Hakuna anayenigeuza kama wewe. Ndiyo maana nasema nenda, sasa, wakati kauli bado ni yangu.

Mungu awe mbele yako. Akupe miguu ya kusimama... na moyo wa kurudi kesho yake. Wote, nawabariki wote. Nimewapenda. Mnajua.

Nenda... kafungashe, mwanangu. Mlango uache wazi. Nikusikie unavyofungasha.