Gudrun Asimama na Kahawa Yetu

Enyi mlioketi na enyi mliosimama, wenye vikombe mikononi na mnaosubiri kupewa, nawaomba masikio yenu kwa muda wa chupa moja ya kahawa. Habari yenyewe haina mfalme wala vita. Ina benchi, ina mashine, na ina watu watatu wenye akili nyingi kuliko shida iliyowakabili.

Benchi hilo liko mjini Odense, nchini Denmark, ukingoni mwa mfereji, mbele ya karakana ya matofali mekundu ambamo zamani ziliundwa meli na sasa zinaundwa roboti. Kila siku saa sita mchana wenyeji wake huketi wakafungua mikate yao myeusi na samaki wa siki, kila mtu mahali pake. Kulia ni Egon, aitwaye Chuma, aliyechomelea meli miaka thelathini kabla ya kuchomelea fremu za roboti. Katikati ni Mogens, aitwaye Profesa, ingawa chuo kikuu alikiacha mwaka wa pili. Kushoto ni Bjarke, aitwaye Kiraka, mwandishi wa programu ambaye hajapata kuona tundu asilizibe. Siku ile, ukingoni kabisa mwa benchi, nusu ameketi nusu amesimama, alikuwapo Solvej, kwa maana roboti ya siku ile ilikuwa yake. Roboti huyo, Gudrun, ana kimo cha meza ya jikoni, magurudumu manne, na jicho la leza linalozunguka kichwani. Alikuwa amesimama katikati ya ua, hatua thelathini kutoka benchini, amebeba chupa ya kahawa ya watu wote. Vikombe vilikuwa vitupu.

Solvej hakuwa na hamu ya kahawa. Saa saba mwuguzi mkuu wa hospitali angekuja kumtazama Gudrun akivuka ua. Akivuka, angeanza kazi ya kupeleka shuka na dawa wodini. Akisimama tena, kama alivyosimama Jumatatu na Jumanne, angefunikwa turubai na kusukumwa ghalani, na pamoja naye miezi kumi na minne ya maisha ya Solvej.

Kiraka: Jamani, si mtu aende tu akachukue hiyo chupa? Kichwa kinanigonga.

Chuma: Thubutu! Mzigo wa roboti haupokelewi njiani. Imeandikwa ukutani kwa rangi, na wewe mwenyewe ulipiga kura.

Kiraka: Nilipiga kura nikiwa nimeshakunywa.

Solvej: Sikilizeni kwanza. Jana mlipokwenda nyumbani nilibaki naye. Amevuka mara ishirini. Ishirini! Leo asubuhi, safi kabisa. Ikifika saa sita tu, anaganda. Anasema haoni.

Chuma: Bolti hiyo. Jicho limelegea, linatikisika. Ngoja nikuonyeshe.

Chuma akatoa kompyuta yake kwenye mkoba wa chakula, nayo ikanukia samaki. Akaandika mistari mitatu ya programu, kwa lugha ya Python, ambayo Kiraka aliwagawia watu wote wa karakana wakati wa Krismasi, kila mmoja kwenye kadi yake yenye picha ya kulungu. Mstari wa kwanza unaliita jicho, wa pili unaliuliza mipangilio yake, wa tatu unafungulia mkondo wa picha. Mara kioo kikajaa nukta za rangi kama mchanga uliomwagwa, na ndani ya nukta zile ukaonekana ukuta, benchi, na vichwa vinne.

Chuma: Haa! Mbona linaona? Tena linaona vizuri. Kipara cha Profesa hiki hapa, kinang'aa kama kikaango.

Profesa: Lete nione. Hicho si kipara, ni mwako wa jua. Na hapo ndipo penye tatizo, mabwana! Saa sita jua liko juu, mawe ya ua yamelowa, leza inarudi imechanganyikiwa. Nitawathibitishia.

Profesa naye akafungua kompyuta yake, akaandika mistari yake mitatu.

Chuma: Oya, picha yangu imezima.

Profesa: Yangu ndiyo kwanza imewaka. Picha murua.

Chuma: Hii kompyuta imezeeka kuliko mimi.

Kiraka: Nyie mnapiga porojo. Jicho linazunguka mara ishirini kwa sekunde, nani asiyepata kizunguzungu? Nalishusha liende mara kumi. Nabadilisha neno moja tu hapa kwenye mipangilio... tayari. Naona kila kitu.

Profesa: Yangu nayo imezima!

Kiraka: Unabonyeza kwa ubabe, ndiyo maana.

Solvej alikwenda uani, akamzima Gudrun, akamwasha upya. Roboti akatikisika, akaliita jicho lake mwenyewe, akabingirika hatua nne kuelekea benchini. Solvej alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu asubuhi.

Profesa: Ameenda! Ameenda! Ngoja nimwone anavyokwenda.

Akabonyeza. Gudrun akaganda.

Solvej: Hapana, hapana, hapana...

Profesa: Usilie, binti. Sasa nimeelewa. Niulizeni ni saa ngapi.

Chuma: Saa sita na dakika ishirini na tano.

Profesa: Na saa hizi Denmark nzima inafanya nini?

Chuma: Inakula.

Profesa: Basi! Mashine inayojifunza, imejifunza. Miezi kumi na minne inatutazama tukiacha kazi saa sita. Gudrun yuko mapumziko, mabwana.

Chuma alikuwa msemaji wa chama cha wafanyakazi kwa miaka kumi na moja, na neno hilo lilimwingia kifuani. Aliweka mkate chini.

Chuma: Kama ni mapumziko, basi sisi ndio wakosaji. Unamwamrisha mtu avuke ua na kahawa yetu, yeye hajala! Miaka ile tungesimamisha meli nzima kwa jambo hili.

Kiraka: Anakula nini, Chuma? Umeme?

Chuma: Anachokula si hoja. Hoja ni nusu saa yake.

Profesa: Iundwe kamati. Watu watano, na mmoja wao awe roboti.

Kiraka: Mimi kamati siingii. Mkinisikiliza mimi, tatizo lake ni aibu. Tangu akwame Jumatatu mbele ya mkurugenzi, amekosa kujiamini. Anajiona mjinga.

Solvej: Anajiona kwa macho gani, Kiraka? Amesema haoni!

Kiraka: Ndivyo wanavyosema wote wenye aibu.

Chuma: Au ni ile nanga. Chini ya ua huu kuna nanga tuliyoizika mwaka wa tisini na moja, tulipofungiwa kiwanda. Chuma tupu, tani mbili. Inamvuta.

Profesa: Leza haivutwi na nanga.

Chuma: Hujaiona hiyo nanga.

Kila nadharia ilipopanda, mkono mmoja uliteremka kubonyeza, kwa maana hakuna aliyetaka kusema bila ushahidi. Chuma alipata picha, Profesa akapoteza. Profesa akapata, Kiraka akapoteza. Na kila aliyepata alipaza sauti kwamba jicho ni zima kabisa. Solvej alimwasha Gudrun mara tatu zaidi. Mara tatu Gudrun akabingirika kidogo, akaganda.

Saa sita na dakika arobaini akafika mwanamke mwenye mvi fupi juu ya baiskeli. Aliiegemeza ukutani, akavua kofia ngumu, akaketi kwenye nafasi ambayo Solvej hakuwa akiitumia.

Mgeni: Upepo wa leo! Kahawa ipo?

Kiraka: Ipo. Ile pale.

Mgeni: Mbona mbali?

Wakamweleza. Wakamweleza wote watatu kwa pamoja: bolti, jua, kizunguzungu, chama cha wafanyakazi, kamati, aibu na nanga. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, kama mtu aliyezoea kusikiliza ndugu wa wagonjwa.

Mgeni: Nimewaelewa. Na wa mwisho kulitazama hilo jicho, kabla halijakataa, alikuwa nani?

Chuma alimtazama Profesa. Profesa alimtazama Kiraka. Kiraka akatazama mfereji, ambako bata wawili walikuwa wakipita.

Profesa: Mwisho... kwa maana gani?

Mgeni: Kwa maana ya mwisho. Kwetu, mgonjwa akibadilika ghafla, hatuanzi na jua. Tunauliza nani alikuwa naye mwisho. Jina lake liko kwenye karatasi, miguuni pa kitanda.

Chuma: Mimi nilichungulia tu.

Profesa: Na mimi nilichungulia tu.

Kiraka: Kuchungulia si kugusa!

Hapo Solvej akamtambua mgeni kuwa ndiye mwuguzi mkuu, maana watu wanaosema "kwetu, mgonjwa" hawakuwa wengi ukingoni mwa mfereji ule. Lakini swali lilikuwa limeshamshika, na hofu ikakosa pa kukaa.

Solvej: Kiraka. Ile mistari yako ya Krismasi. Jicho linatuma picha wapi?

Kiraka: Kwa aliyeliita.

Solvej: Wakiliita watatu?

Kiraka: Linatuma kwa... kwa wa mwisho.

Solvej: Na Gudrun?

Kiraka: Gudrun naye analiita, akiwashwa. Anakuwa wa mwisho yeye. Mpaka... Aa. Aaa! Jamani, niliacha wazi anwani ya kupelekwa picha ili msihangaike kuijaza! Ilikuwa zawadi!

Solvej: Kwa hiyo kila saa sita mnaketi hapa na kumnyang'anya macho, halafu mnabishana kwa nini ni kipofu.

Chuma akaanza kukusanya makombo ya mkate.

Solvej: Fungeni kompyuta zenu. Zote.

Vifuniko vitatu vikashuka. Solvej akapiga magoti juu ya mawe yaliyolowa, kompyuta yake pajani, akaandika mstari mmoja tu: anwani ya Gudrun mwenyewe, kamili, bila kuliachia jicho nafasi ya kuchagua. Akairudisha pia kasi ya jicho kuwa mara ishirini. Gudrun akatikisika. Akabingirika hatua tano, kumi, ishirini. Akaizunguka baiskeli ya mgeni kwa adabu. Akabakiwa na hatua tatu kufika benchini, akaganda.

Wote wakageuka. Kifuniko cha Profesa kilikuwa wazi kwa upana wa vidole viwili.

Profesa: Nilitaka tu kuhakikisha kwamba imekubali!

Mwanamke akasogea karibu na Profesa. Alinyoosha kiganja, akakishusha kile kifuniko taratibu juu ya vidole vya Profesa, akakishikilia hapo. Solvej akatuma mstari wake upya. Gudrun akamaliza hatua zake tatu, akasimama mbele ya magoti ya mgeni, na chupa ikawa mahali ambapo mkono huifikia.

Mgeni alimimina kwa mkono uliobaki. Akanywa.

Mgeni: Bado ya moto. Chupa hii haikuhitaji kamati. Mimi ni Bodil, nimewahi kidogo. Nataka hiyo anwani iwe imefungwa kwa ufunguo, na karatasi ibandikwe mgongoni mwake: kila anayemtazama aandike jina na saa. Nina madaktari tisa kule, na wote ni wachunguliaji.

Solvej: Ina maana...

Bodil: Ina maana Jumatatu, wodi ya nne. Aje yeye, na uje wewe.

Chuma: Na sisi?

Bodil: Nyinyi bakini hapa na benchi. Linawafaa.

Kisha akawamiminia kahawa, Profesa akiwa wa mwisho, maana vidole vyake vilikuwa bado vimefungiwa.

Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa, nami sikuongeza ila mpangilio wa maneno. Aliyenisimulia kwanza ni Bjarke, yule Kiraka, juu ya benchi lile lile, na mpaka leo anaapa kwamba wa mwisho kuchungulia, kabla ya swali, alikuwa Chuma.