Nani Atamwendesha Baba Kelly

Ndugu zetu mliofika kanisani hapa Bertrams leo Jumamosi, tarehe 23 Agosti 2014, mimi ni Angélique, Mama Kelly, mke wa marehemu, na ingawa desturi yetu inataka historia isomwe na mwanamume wa ukoo, shemeji yangu Théodore amenipisha, kwa sababu liko jambo ambalo familia imeniachia niliamue mimi na kulitangaza mwishoni. Madereva wenzake wameleta gari lake la kazi, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, ili limpeleke makaburini, na wanaomba liendeshwe na Jeannine, yule dada aliyesimama mlangoni na kilemba cheusi. Ombi hilo limenikaa kooni tangu juzi, na nitawaambia kwa nini, maana wivu ninao, na sioni haja ya kuuficha mbele ya jeneza.

Marehemu Elisée Mubalama alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 mjini Uvira, mtoto wa nne wa mzee Alexis na mama Marcelline, akasoma shule ya msingi hapo hapo Uvira, kisha sekondari ya ufundi Bukavu, aliyoiacha mwaka 1988 baba yake alipofariki. Tangu hapo alikuwa utingo, halafu dereva wa malori kati ya Uvira na Bukavu, njia ya matope na makorongo, ambako haraka haraka haina baraka si methali, ni sheria.

Aliingia Johannesburg Machi 2008, akawa analinda magari ya watu barabarani Yeoville, na miezi miwili baadaye, fujo za kuwafukuza wageni zilipozuka, kanisa hili ndilo lililompa pa kulala, na ndipo tulipojuana. Mwaka 2009 alipata kazi ya kuosha magari Midrand, katika kampuni inayopeleka watalii milimani, na mwaka 2010, wageni wa Kombe la Dunia walipozidi madereva, akakabidhiwa usukani. Majira ya baridi ya mwaka huo aliona theluji kwa mara ya kwanza, kule juu ya kijiji cha Rhodes, Eastern Cape, akarudi anazungumza habari za barafu asubuhi na jioni, mpaka mimi mke wake nikaanza kuionea wivu barafu.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009, na Mungu akatujalia watoto wawili, Kelly, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2010, na Arnaud, tarehe 9 Juni 2012, ambao mama yao anawasemesha Kiswahili nao wanajibu Kiingereza. Alikuwa mume mwema, mpole, mwenye kurudi nyumbani, lakini usukani hakunipa hata siku moja. Kila nilipomwomba anifundishe alinijibu, "Mama Kelly, subiri mtoto akue kwanza," na mtoto alikua, akaja mwingine, nami nikaendelea kupanda teksi na kusubiri.

Sasa nifike kwa Jeannine. Dada huyu ni wa Lubumbashi, alikuwa anapokea simu ofisini kwa mume wangu Midrand, akatamani udereva. Jumanne tarehe 7 Agosti 2012, mnaikumbuka, theluji ilianguka hapa Johannesburg, watu wakatoka nje na masufuria kuikinga, na mume wangu akaona ameletewa shule nyumbani, akamchukua Jeannine na lile gari mpaka kwenye maegesho matupu karibu na uwanja wa mpira, nami nikafuata kwa miguu, Arnaud mgongoni, nikasimama nje ya uzio. Nilisikia somo lote, maana dirisha lilikuwa wazi. Alimwambia magurudumu manne yanamsaidia mtu kuondoka, kusimama hayamsaidii, na gurudumu likifungwa na breki halisikii usukani tena, kwa hiyo ashuke na gia nzito, injini ndiyo ilishike gari, na likianza kuteleza atoe mguu na kutazama anakotaka kwenda, asitazame anakoogopa.

Jeannine akakanyaga breki kwa nguvu, gari likazunguka likanielekea mimi, akatoa kichwa akasema, "Eish, Mama Kelly, pole." Mume wangu akacheka, kicheko ambacho nilidhani kinachekwa nyumbani kwangu tu, kisha akainama, akashika kiatu cha yule dada kwa mkono wake, akamwonyesha namna ya kukanyaga kidogo, kuachia, kukanyaga tena. Watu wa Yeoville wakanifuata wakisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilimuuliza Baba Kelly uso kwa uso, akaapa kwamba hakuna kitu, nikamwamini, na wivu haukupungua, kwa sababu kile nilichokitaka nilikuwa nimemwona mwingine akipewa kwa macho yangu.

Februari 2014 madaktari walimkuta na saratani ya ini. Mwezi wa sita, akiwa amekonda sana, aliomba aione barafu tena, na Jumamosi tarehe 28 Juni Jeannine alitupeleka Rhodes, yeye mbele, sisi nyuma, kichwa cha mgonjwa mapajani pangu. Wakati wa kushuka, kwenye kona isiyopata jua, gari likaanza kuteleza, na mbele yetu bakkie, yaani pikapu, iliyobeba kondoo ilikuwa imekwama ikiziba njia. Nilipiga kelele afunge breki. Hakufunga. Alitoa mguu, akatazama upande wa mlima, gari likanyooka, ndipo akagusa breki kidogo, akaachia, akagusa tena, tukasimama tukiwa bado mbali na kondoo. Mume wangu hakufungua hata macho, alisema tu kwa sauti ndogo, "Sharp," kama wanavyosema huku kumsifu mtu aliyefanya sawasawa, na nikajua hapo kwamba mimi ameniachia jina na watoto, na huyu amemwachia mguu wake. Niliumia kuliko siku ya theluji.

Hali yake ilizidi kuwa mbaya mwezi wa saba, akalazwa, na tarehe 16 Agosti 2014 alfajiri alikata roho nikiwa nimemshika mkono, na hilo Jeannine hana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Bertrams waliopika na kulala nasi msibani, kanisa hili, na wenzake wa Midrand ambao hawakumwacha.

Uamuzi wangu ni huu. Jeannine ataendesha, kwa sababu njia ya makaburini ina mteremko, na hapa hakuna mwingine wa kumshusha mume wangu bila kumtikisa, na kulisema hilo kunaniuma. Mimi nitakaa kiti cha mbele, ubavuni mwa dereva. Na nyinyi wazee, mtakapokaa kugawa alichokiacha marehemu, jueni kwamba ule mguu ni mali ya nyumba yangu nami naudai. Jeannine, matanga yakiisha utakuja kunifundisha yote aliyokufundisha, usibakize kitu, maana nilikuwepo pale uzioni, nitajua ukibakiza.

Baba Kelly, safari yako umeimaliza, pumzika kwa amani. Wivu wangu nitautua siku nyingine, si leo.