Chuo Kilichosubiri Mavuno

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, wachungaji, Sheikh wa Kata na ujumbe wako, wahitimu, nanyi wazazi mliotoka Mahege, Ikwiriri na vijiji vya bondeni: salamu za heshima kwenu nyote.

Asubuhi hii Mwenyekiti wa Baraza, Mama Tusekile Mwambungu, ametangaza kwamba Chuo cha Kibaptisti cha Bungu sasa ni chuo kikuu kamili, na kwamba mkuu wake wa kwanza, Mchungaji Dokta Anyelwisye Mwakalobo, anastaafu leo. Kuhusu kalenda ya mitihani hakusema neno. Mnajua washauri wametaka mitihani ifanyike mwezi wa tano, kama mjini. Mnajua pia kwamba Mchungaji ameitetea kalenda ya hapa, ya mwezi wa nane, tangu chuo kikiwa bado ndani ya ghala, na hangependa kuondoka akiiona inafutwa. Mimi Swalehe nimeripoti habari za chuo hiki tangu kilipoanza, kwa hiyo nimeombwa nieleze kalenda hiyo ilikotoka.

Chuo kilianzia kwenye ghala la korosho, kikiwa na wanafunzi thelathini na wawili. Mchungaji, mtu wa Tukuyu, alikuja na utaratibu mgeni: kila mwanafunzi, awe wa hesabu au wa kilimo, asome pia historia, mantiki na muziki. Mzee Mtoro wa Mahege, huyu aliyekaa hapa mbele, alimwuliza hadharani: "Mwanangu anasomea hesabu, muziki wa nini? Atawaimbia watoto jedwali?"

Mchungaji akamjibu: "Wakilishika kwa wimbo, mzee wangu, utalalamika?"

Wapo waliohofia dini za watoto wao. Ibada ya asubuhi ikawa ya hiari, Ijumaa mchana kukawa hakuna kipindi, na hofu ikapungua yenyewe.

Kilichokaribia kukiua chuo ni mtihani. Katika mwaka wa pili wa chuo, ulipangwa ufanyike mwezi wa tano. Mchungaji alifungua ukumbi akakuta wanafunzi wanane, wote wa mikoa mingine. Wa bondeni walikuwa kwenye madungu, vile vibanda vyetu vya juu ya nguzo katikati ya mashamba, wakiamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, kwa sababu ulikuwa unaiva. Wafadhili wakataka waliokosa wafukuzwe na chuo kihamie Dar es Salaam. Ninyi mngefanya nini? Yeye alivua viatu, akakunja suruali, akaenda bondeni.

Bi Mwantumu, mama wa mwanafunzi Sabra, alimwona kutoka juu ya dungu lake.

"Karibu, Mchungaji! Panda. Ila hapa hatukai bure, vuta hiyo kamba makopo yalie."

"Nimemfuata Sabra, mama. Ana mtihani."

"Mtihani umeupanga bila kuwauliza ndege. Nao wamekuwahi kufika. Sabra akiondoka, mwakani tutakula karatasi?"

Mchungaji akavuta kamba. Kisha akasema, "Nikiusogeza mpaka mpunga uingie ndani, utamrudisha?"

"Nitamleta mwenyewe. Na wa jirani nitawaswaga."

Mitihani ikasogezwa hadi mwezi wa nane. Bi Mwantumu akawaleta wote, akawahesabu mlangoni kama mbuzi, huku Mchungaji akicheka. Wafadhili wawili walijitoa, na chuo hakikuhama. Leo kina wanafunzi elfu moja mia moja na arobaini, zaidi ya nusu wakiwa wa bonde hili, na Dokta Sabra ndiye mkuu wa idara ya hesabu. Je, wangapi kati yao wangekuwa hapa kama ule ukumbi mtupu ungechukuliwa kuwa ni uvivu?

Mchungaji, nimekuona ukimtazama Mwenyekiti tangu tuanze. Ameniruhusu nikwambie walichoamua jana jioni: kalenda haiguswi, na imeandikwa kwenye kanuni za chuo kikuu. Kapumzike, mzee wetu.

Nawashukuru nyote kwa usikivu wenu. Mitihani ya kwanza ya chuo kikuu itaanza Jumatatu, tarehe 17 Agosti.