Ombi Nililoshindwa Kulitaja

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata kutoka kiti cha nyuma, maana ndiko nimekuwa nikijificha.

Mimi ni soja, nalinda ghala la simu kule Mawaleh, huku huku ugenini. Mwaka jana rafiki yangu Kimani, dereva tunayelala naye chumba kimoja, alinionyesha filamu ya zamani ya Wamarekani. Wezi wadogowadogo wa mtaa, suti kubwa, mfukoni hakuna kitu. Kimani alipenda vile wanatembea. Mimi nilinaswa na jambo lingine. Mmoja wao, kabla ya kuingia dukani kuiba, alivua kofia akafanya ishara ya msalaba. Nikajiuliza, huyu anaomba nini hasa? Nililala na hilo swali.

Lakini nyani haoni kundule. Tayari mimi na Kimani tulikuwa tumepatana: Ijumaa adhuhuri, wenzetu wakiwa msikitini, niache geti wazi, Kimani aingize gari abebe katoni. Na kwa vile zamu ingenikosesha ibada yetu, ambayo huku ni Ijumaa, nikafanya vile sisi hufanya. Nikatuma ombi kwa grupu yetu ya maombi kwa simu: "Niombeeni, Ijumaa kuna kazi, ifaulu." Ndugu zangu, mlijibu amina! Mkafunga, mkaombea wizi bila kujua.

Ijumaa hiyo, kabla ya Kimani kufika, Mama Njeri, huyu aliyeketi hapa mbele, akanipigia. Mnamjua, haombi juujuu.

"Mwanangu, niko kwa magoti. Hiyo kazi ni kazi gani, niitaje vizuri mbele za Mungu?"

Nikatafuta uongo. Mimi kwa uongo si haba, lakini siku hiyo haukuja hata mmoja. Nikamfikiria mamangu kule Nyeri akiambiwa niko jela ugenini. Niliogopa sana.

"Ni kuiba, mama."

Kisha akaomba, akaitaja hivyo hivyo, kuiba, na jina langu kando yake. Nilifunga geti simu ikiwa sikioni. Kimani alifika, akapiga honi mara tatu, akaenda zake. Alininunia miezi.

Filamu sikuimaliza, na bado natamani kujua yule wa kofia aliomba nini. Langu nililitaja, na Bwana hakunifukuza. Namshukuru. Na wewe mwenye ombi usiloweza kulitaja, lilete tu kwake lilivyo.

Kimani ameketi leo kwa kile kiti changu cha nyuma. Tafadhali msigeuke.